Foleni ya Choo Ambayo Haikuwepo

Jumapili. Upepo wa kusini unavuma tangu alfajiri na vumbi la mtaa wetu wa Rusimbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimefagia mara mbili. Nimeosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nimepanga viatu mlangoni, vya wazi upande huu, vya kufunika upande ule. Anayenijua akipita sasa hivi atasema, huyu Tausi ana jambo.

Ninalo.

Shajara, nimekutupa siku nyingi. Wanaosoma blogu hii ni wachache, na mmoja wao ni dada yangu aliyeolewa Kasulu, ambaye husoma ili apate la kunipigia simu. Dada, leo usipige. Soma tu.

Nianze na kundi, maana ndiko dhambi ilikofanyikia. Ni kundi la wasapu tunaloliita Twende Wapi. Nililianzisha baada ya kulipa kiingilio cha onyesho moja hapa mjini ambalo msanii aliyetangazwa hakutokea, akapandishwa jukwaani shemeji yake. Nilirudi nyumbani nimenuna wiki nzima. Nikasema, Kigoma sehemu za kwenda ni chache, basi hizo chache angalau tuambiane ukweli wake. Mtu akienda kwenye tamasha, kwenye nyama choma ya mwisho wa wiki, kwenye safari ya boti ya kuogelea, akirudi anaandika alichokiona. Watu walijiunga mpaka wengine sijui wametokea wapi.

Sheria ilikuwa moja. Kama umeingia bure, au umepewa chochote, unaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: NIMEALIKWA. Ukishaandika hivyo sifia utakavyo, hakuna wa kukugombeza. Usipoandika na tukagundua, nakutoa. Na nilikuwa nagundua. Nilikuwa na pua ya mambo hayo, na sikuificha.

Kipimo changu nilikitangaza hadharani, watu wakacheka lakini wakakishika. Tafuta choo. Mtu aliyekwenda kweli hulalamika. Atasema choo kilikuwa kimoja, soda ilikuwa ya moto, mchanga uliingia kwenye wali, mtoto wa watu alimkanyaga kidole. Anaweza kuwa amefurahi mpaka akapoteza kiatu, lakini lalamiko halikosi, kwa sababu alikuwepo pale na mwili wake, na mwili hauna adabu. Aliyelipwa hana mwili. Kwake kila kitu ni burudani ya aina yake na mandhari ya kuvutia. Sifa isiyo na choo, nilikuwa nasema, hiyo ni tangazo.

Nilipenda sana kusema hivyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikajiona ndiye niliyewekwa njiani kuangalia kipi kinatembezwa.

Mwezi uliopita akaja Roja.

Roja ni mwandaaji wa matamasha, kijana kutoka Dar es Salaam, mchangamfu, anakuita dada kabla hajakujua jina. Alikuwa ameandaa tamasha la ufukweni upande wa Kibirizi, muziki na vyakula, na alitaka liwe kila mwezi. Alinialika. Nikamwambia nitakuja, ila nitaandika kwamba nimealikwa. Akacheka, akasema ndiyo maana ananiheshimu.

Sikwenda. Siku ileile binti wa mjomba alikuwa anaolewa Ujiji, na kwetu huwezi kukosa ndoa ya binti wa mjomba halafu ukategemea kuzikwa na watu wengi. Nilikuwa jikoni na mashangazi tangu asubuhi, nakuna nazi na kusikiliza umbea. Tamasha la Roja nililisahau kabisa.

Siku chache baadaye akanifuata dukani. Nauza vifaa vya ofisi pale Mwanga, natoa na fotokopi. Aliniona naandika kwa kidole cha kati. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo tangu iangukie sokoni, na kidole gumba kilikuwa na plasta. Kesho yake alirudi na simu mpya kwenye boksi lake.

"Sio malipo, dada. Ni zawadi ya kazi unayoifanyia jamii."

Ile "sio malipo" niliirudia kichwani mpaka ikawa yangu. Jioni akanitumia picha za tamasha na maelezo ambayo tayari yameshaandikwa, ili nisipate shida. Picha zilikuwa nzuri. Ukizitazama sana unaona ni watu walewale, wamepigwa kutoka pande tofauti. Niliona. Nakuambia wewe shajara kwamba niliona.

Nilikaa kitandani nikaandika juu kabisa NIMEALIKWA. Nikaitazama.

Nikafuta.

Nilijiambia kwamba mtu ambaye hakwenda hawezi kusema alialikwa, angekuwa anawadanganya watu. Tazama akili ya binadamu anayetafuta upenyo. Nikabandika maneno ya Roja, nikayabadilisha hapa na pale yanukie mimi, nikatuma kama mtu aliyetoka ufukweni jana na mchanga bado uko viatuni.

Mioyo ikamiminika. Namba ngeni zilizojiunga wiki ileile zikaanza kuthibitisha: kweli kabisa, tulikuwepo, ilikuwa moto. Zote zilikuwa zinaandika "ilikuwa moto". Siku nyingine ningezitoa zote kabla chai haijapoa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Dada Felista, ambaye kazi yake ni kununua dagaa kwa wavuvi pale Kibirizi na kuanika. Aliandika kwa upole, akianza na salamu ya Kiha: "Mwakeye, dada Tausi. Samahani, siku ile si ilikuwa mbalamwezi? Wavuvi wote walikuwa nchi kavu. Hizo taa umezionea wapi? Na mimi nakaa hapo juu, watu sikuwaona wengi hivyo."

Maana katika maneno ya Roja kulikuwa na sentensi moja tamu, kwamba taa za wavuvi zilikuwa zinameta ziwani mpaka hujui mbingu inaishia wapi. Picha hiyo ipo kweli, lakini siyo kwenye mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukijaa samaki hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu, wanalala na kuoa. Hilo halihitaji usomi, mtoto yeyote wa Kibirizi anakuambia. Roja hakujua kwa sababu ni mgeni.

Na mimi je? Baba yangu alivua dagaa maisha yake yote. Mbalamwezi kwetu ilikuwa ndiyo wiki ya baba kuwa nyumbani, tunakaa naye barazani Ujiji anatuchekesha. Sentensi ile ilinipita kwa sababu sikuisoma kama binti yake. Niliisoma kama mtu mwenye simu mpya.

Kabla sijajua nimjibu nini Felista, Mama Shukuru akanitetea.

Mama Shukuru ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye amezaliwa hapahapa, lakini ulimi wake haujavuka wote. Ni mpishi. Sherehe yoyote ya upande huu, ukiona watu wanalamba vidole, uliza kama jikoni hakuwepo yeye. Nilipougua malaria mwaka juzi alinilisha uji kwa kijiko, huku akinisema kwa kutokuolewa. Alituma ujumbe wa sauti, nami ninaukumbuka neno kwa neno:

"Felista, mama, ule mutoto mimi namujua. Akisema alikuwa kule, alikuwa kule. Kama una wivu na yeye, sema tu tujue."

Basi ikawa ngoma. Wengine wakarukia. Felista akaitwa mchawi wa starehe za watu, akatumiwa vibonzo vya vyura na mbuzi wanaolia. Akaandika mara moja tu zaidi, kwamba yeye hana wivu, ameuliza.

Mimi ndiye admini. Neno langu moja lingetosha.

Nilimtoa. Niliandika kwamba kundi hili si la kukatishana tamaa, nikambonyeza jina, nikamtoa yeye aliyesema kweli, nikaziacha namba za Roja zikinipigia makofi. Mganga hajigangi, lakini sijawahi kusikia mganga anayemfukuza mgonjwa kwa kuwa ametaja dawa sahihi.

Sasa jana.

Jana lilikuwa tamasha la pili, mbalamwezi nyingine. Wiki moja kabla, Mama Shukuru aliniita uani akiwa na uso wa mtu aliyeposwa. Amechukua banda, akasema. Atauza chakula chake, kwa jina lake. Miaka yote amepika kwenye harusi za watu na sifa zinakwenda kwa bibi harusi, sasa anataka watu wajue mkono ni wa nani, labda baadaye afungue mgahawa. Alikuwa ameshachorewa kitambaa: Mama Shukuru, Vyakula vya Ziwa. Siku hiyohiyo alikuwa na harusi ya kupika kule kijijini Simbo, kwa familia ambayo amewapikia mabinti wote. Amewaambia watafute mpishi mwingine.

Hapo ndipo ningesema. Ukuta wa kunificha haukuwepo, tulikuwa wawili tu na kuku wake. Ningesema, Mama Shukuru, sikuwepo kule, usiiache Simbo.

Nilisema hongera.

Roja alinikalisha meza ya mbele, kitambaa cheupe, maji ya chupa. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Upepo huu ulioleta vumbi leo, jana ulikuwa unabeba mchanga, na turubai la jukwaa lilikuwa linapiga makofi peke yake. Spika moja ilikohoa ikanyamaza. Msanii alikuwa njiani. Kila mshereheshaji alipopanda alisema msanii yuko njiani, mpaka watoto wakaanza kulisema kabla yake. Waliokuja walinunua soda moja, wakapiga picha na ziwa, wakaondoka mapema kwenda kwao kula.

Banda la Mama Shukuru lilikuwa upande wa kushoto. Alikuwa na masufuria ambayo nayajua, na mengine ya kuazima. Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa migebuka kwa mawese. Kuipata migebuka mibichi wakati wa mbalamwezi, wakati mitumbwi imelala, ni shughuli. Aliihangaikia mpaka kwa watu wenye barafu. Alisimama nyuma ya masufuria na kanga mpya, anamchekea kila anayepita. Kila nikigeuka namwona amesimama vilevile, mkono umeshika mwiko.

Halafu akaniletea sahani. Alikuja mwenyewe mpaka meza ya mbele, akaweka, akafunika kwa sahani nyingine kwa ajili ya mchanga.

"Kula, mutoto. Watu watakuja tu."

Chakula kilikuwa kitamu sana. Nilikitafuna nikaona aibu inapanda mpaka masikioni, na bado nikala, kwa sababu nisingekula angeniona. Watu hawakuja. Jua lilipozama na mwezi ukatoka mkubwa, mzima, ziwa lote likawa jeupe na tupu, alianza kufunika masufuria.

Leo asubuhi alibisha hodi na bakuli la sombe. Alikuwa anawagawia majirani, nyumba kwa nyumba. Samaki amewarudisha motoni kuwakausha, nilikuwa nausikia moshi wake tangu nilipoamka. Nilimpa kiti. Nilitegemea kulaumiwa, nikajiandaa kwa hilo, maana lawama ina nafuu yake. Hakunilaumu. Alikuwa anajicheka.

Alisema kosa ni lake, amepika kwa tamaa. Mwanzoni alifikiria sufuria mbili. Ila alirudia kusoma nilichoandika, akafika pale niliposema foleni ya choo ilikuwa ndefu mpaka mtu unakata tamaa.

"Nikasema, kama watu wanapanga musitari mpaka chooni, basi hao walikula mingi. Na wewe ulitufundisha, tutafute choo. Nikakiona choo. Nikaongeza masufuria."

Shajara, hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu huko juu nimeandika nusu.

Nimesema nilibandika maneno ya Roja nikayabadilisha hapa na pale. Nimekuandikia habari za taa za wavuvi kwa kirefu kwa sababu taa ni za Roja. Foleni ya choo ni yangu. Nilipoisoma habari yake niliona haina hata lalamiko moja, nikajua kundi litanusa, kwa sababu ni mimi niliyewafundisha kunusa. Nikakaa nikafikiria ni lalamiko gani litaaminika. Nikawaza mchanga kwenye chakula, nikaona hilo litamharibia Roja. Nikachagua choo. Foleni ndefu, kwa sababu ni kasoro na papo hapo ni sifa. Nilijipongeza. Nilijiona nina kipaji.

Roja alidanganya kama mgeni anavyodanganya. Mimi nilidanganya kama mwenyeji.

Na aliyeingia kwenye mtego ule si mjinga. Ni mtu aliyenisikiliza vizuri kuliko wote, aliyekifanya kipimo changu kama nilivyosema kifanywe.

Nikamwambia. Sijui nilianzaje, nadhani nilianza na simu, nikaenda kwa harusi ya Ujiji, nikamalizia na choo. Nilikuwa naangalia bakuli, simwangalii yeye. Nilipomaliza ndipo nilipomtazama.

Nilidhani atataja Simbo. Nilidhani atataja migebuka.

"Na Felista?" akauliza.

"Alisema kweli."

"Na mimi nikamuita mwenye wivu." Akajifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Samaki watalika, Tausi. Harusi Mungu ataleta ingine. Lakini ulichukua mudomo yangu ukamupigia nayo mutu wa kweli. Hiyo mimi nitaiweka wapi?"

Nikamwambia twende wote kwa Felista, hata leo, tumwombe radhi. Akasimama.

"Hapana. Mimi nitaenda na yangu. Wewe utaenda na yako."

Alifika mlangoni akageuka, nikadhani amelainika. Aliniambia sombe nisiiache mpaka ichache. Akatoka, akaenda kwa jirani wa pili na bakuli lingine, nikamsikia anapiga hodi kwa sauti yake ya siku zote.

Nililia. Naandika hilo kwa kuwa leo sitaki kuacha kitu. Nililia kidogo kwa ajili yake na sehemu kubwa kwa ajili yangu, na nilipogundua hesabu hiyo nikaona aibu nikanyamaza.

Halafu nikaandika kwenye kundi. Mara ya kwanza nilijaza Roja juu mpaka chini: Roja alinishawishi, Roja alileta, Roja aliandika. Nikasoma nikaona ni tangazo lingine, safari hii bidhaa ni mimi. Nikafuta. Mara ya pili nikaandika vizuri mno, kwa huzuni ya kupendeza, yenye methali. Nikafuta. Mara ya tatu niliandika hivi:

"Tamasha la kwanza la ufukweni sikwenda. Nilipewa simu. Foleni ya choo niliitunga mwenyewe ili mniamini. Dada Felista alisema kweli na nikamtoa. Mama Shukuru alinitetea bila kujua. Kuanzia leo admini awe mtu mwingine."

Roja nimempigia aje aichukue simu yake. Hakupokea, ila baadaye alinitumia kibonzo cha mtu anayecheka mpaka anaanguka. Na haya yote ninayaandika kwa simu hiyohiyo, maana ile ya zamani ilishakufa kabisa. Unaona jinsi nilivyofungwa.

Majibu yalianza kuja nikiwa jikoni. Nilijilazimisha kuyasoma yote. Mmoja akaandika admini amefeli mtihani wa choo, watu wakacheka, na kusema kweli hata mimi nilikaribia kucheka. Mwingine akasema nenda salama, tapeli. Kuna walionisamehe haraka sana, sote ni binadamu, dada usijali, na hao ndio walionichoma, kwa sababu hawakuwa wamepoteza kitu cha kusamehe. Watu watatu wanne walioniamini jana wakaenda na watoto wao hawakuandika lolote. Wametoka kimyakimya. Nimeona majina yao yakiondoka.

Halafu mtu mmoja, sauti ya kawaida kabisa, bila matusi, akauliza:

"Na hili je, umelipwa na nani?"

Akaeleza. Kuna mwandaaji mwingine hapa mjini naye anatafuta eneo la ufukweni kwa tamasha lake. Roja akiharibikiwa, huyo mwingine anafaidi. Tausi alipewa simu kumsifia Roja, sasa amepewa nini kumponda?

Nilikaa chini sakafuni pale jikoni.

Ni swali zuri. Ningekuwa mimi ndiye msomaji, ningeliuliza, na ningejisifu kwa kuliuliza. Nilianza kutafuta cha kumjibu. Niape? Kila anayelipwa anaapa. Nitoe maelezo mengi, yenye vitu vya kushikika, yenye kasoro ndogondogo zinazoaminika? Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Kile kipimo changu nimekiua mimi mwenyewe. Sasa Kigoma nzima inajua kwamba hata choo kinatungwa, na mtu mwingine akienda kesho mahali akarudi na lalamiko la kweli, wataulizana kama ni la kweli au ni la Tausi.

Hilo sikulifikiria nilipokuwa najipongeza kitandani. Nilidhani nimedanganya juu ya tamasha moja.

Niliiweka simu kando. Ikapita saa moja hivi, upepo ukapungua, nikasikia ng'ambo ya ukuta Mama Shukuru anageuza samaki. Kisha mtu mwingine kwenye kundi akamwita kwa jina, mbele ya wote. Mama Shukuru, wewe ndiye unayemjua huyu, mnakaa ukuta kwa ukuta, tuambie: hapa anasema kweli?

Niliisikia simu yake ikilia kule uani. Nikasikia koleo la moto linawekwa chini. Nilijikuta nimeshika simu kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyeshikishwa kikombe cha moto.

Ukaja ujumbe wa sauti, mfupi.

"Ya leo ni kweli. Ameniambia mimi kwanza, kabla ya ninyi, nimemusikia. Ya kesho musiniulize mimi."

Nimeusikiliza tena na tena nikitafuta hasira ndani yake, na haimo. Ni sauti anayotumia kumwambia mtu bei ya sahani. Amesema anachokijua akaishia hapo, na nadhani hiyo ndiyo habari ya kweli kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwenye kundi langu, ambalo si langu tena.

Kesho nitafungua duka asubuhi, na mchana nitamwomba mwenye duka ruhusa niende Kibirizi kwa Felista. Nimemtafuta kwenye simu, amenizuia, nami nisingefanya tofauti. Itabidi nisimame mlangoni kwake, kati ya vichanja vya dagaa, mbele ya wanawake wenzake, niseme. Anaweza kunifungulia. Anaweza kuniacha nisimame na harufu ya samaki mpaka nichoke.

Na nikirudi nikaandika hapa kwamba alinifungulia, nani ataniamini?